Ni Saa Ngapi Hadi Guangzhou? Umbali, Muda na Haki za Msafiri wa Anga
Mada iliyotolewa mbele ya wakazi na wafanyabiashara wa Kata ya Kalangalala, mjini Geita



Sisi tunaofanya kazi ya kuwaelimisha na kuwatetea watumiaji wa usafiri wa anga hatukuja kumshawishi mtu asafiri, wala kumsifia mtu shirika fulani la ndege. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja ambalo limewapotezea wasafiri wengi fedha zao: kuisoma vibaya saa ya safari.

Tumechagua mfano wa safari ya kutoka hapa Kalangalala hadi Guangzhou, nchini China. Sababu mnaijua. Mashine za karasha, pampu za kuvuta maji mashimoni, jenereta, vipuri, nguo na vyombo vya nyumbani vinavyouzwa katika mji huu, sehemu kubwa imetoka huko. Wapo kati yenu waliokwisha kwenda, na wapo wanaodunduliza ili waende. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, nauli ya safari hiyo huenda ikawa ndiyo fedha kubwa kuliko zote alizowahi kulipa kwa siku moja. Haifai ipotee kwa sababu ya tarakimu nne zilizochapwa kwenye tiketi.

Neno moja lenye maswali mawili

Msafiri anapokwenda kwa wakala, swali lake la kwanza ni hili: "Kutoka hapa hadi China ni saa ngapi?" Kiswahili chetu kimeficha maswali mawili ndani ya maneno hayo. "Ni saa ngapi" huweza kumaanisha muda wa safari, yaani mtu atakaa njiani kwa saa ngapi. Huweza pia kumaanisha saa ya ukutani, yaani ndege itaondoka saa ngapi na kufika saa ngapi.

Tiketi hujibu swali la pili. Imeandikwa saa ya kuondoka na saa ya kufika. Msafiri naye huisoma kana kwamba imejibu la kwanza: huchukua saa moja, akaiondoa katika nyingine, akapata hesabu isiyo ya kweli. Katika mazungumzo haya tutatenganisha maswali hayo mawili. Saa tutakayoiandika kwa nukta mbili, kama 20:00, ni saa ya tiketi. Saa tutakayoitaja kwa maneno, kama saa mbili usiku, ni saa yetu ya Kiswahili. Tukitaja muda wa safari, tutasema wazi kwamba ni muda. Nyakati zote tutakazotoa ni za mfano; ratiba hubadilika, na yenye nguvu ni ile iliyoandikwa kwenye tiketi yako.

Umbali wenyewe

Tuanze na kilomita. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka angani, ni takribani kilomita 850. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takribani kilomita 8,700. Kwa maneno mengine, safari ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza mara kumi.

Je, na muda wake ni mara kumi? Hapana. Ndege kubwa ya injini za jeti hutumia kama muda wa saa moja na nusu kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou bila kutua popote, kwa ndege kama Boeing 787-8 ambayo shirika letu la Air Tanzania limewahi kuitumia katika njia hiyo, muda ni kama saa 11. Hiyo ni mara saba au nane tu. Sababu ni kwamba kila safari, fupi au ndefu, hulipa ushuru wake wa muda: ndege hutembea chini kuelekea njia ya kurukia, hupanda, hushuka, husubiri zamu ya kutua, kisha hutembea tena hadi mahali pa kushushia abiria. Katika safari fupi, ushuru huo unakuwa sehemu kubwa ya muda wote. Katika safari ndefu, ndege hupata nafasi ya kukaa juu na kwenda kwa mwendo wake kamili, ambao kwa ndege kama hiyo ni karibu kilomita 900 kwa saa.

Aina ya ndege nayo ina neno lake. Ndege ya mapanga, kama zile za Q400 zinazotumika katika safari za ndani, huenda polepole kuliko ya jeti. Kwa hiyo safari ileile ya Mwanza na Dar es Salaam hukaribia muda wa saa mbili. Halafu kuna upepo. Juu sana angani, hasa katika miezi ya baridi ya nchi za kaskazini, huvuma upepo wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda China husukumwa nao mgongoni, na inayorudi hukutana nao usoni. Ndiyo maana kurudi mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kwenda, ingawa kilomita ni zilezile. Msafiri akiona ratiba ya kurudi ina muda mrefu zaidi, asidhani amedanganywa.

Kuna jambo la kukumbuka pia kuhusu nauli: kilomita hazipangi bei. Nauli hutokana na wingi wa abiria, msimu, siku ulizobaki nazo kabla ya safari, na masharti ya tiketi yenyewe. Safari yenye mzunguko mrefu inaweza kuwa rahisi kuliko iliyonyooka. Urahisi huo ni halali, mradi ujue unaulipia kwa muda.

Tiketi husema saa ya mahali

Sasa tuingie penye mtego mkubwa. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. China nzima, ingawa ni nchi pana mno, hutumia saa moja tu, nayo iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa muda wa saa tano. Sisi tukiwa saa moja asubuhi, Guangzhou ni saa sita mchana.

Tuseme tiketi yako inaonyesha kuwa unaondoka Dar es Salaam saa 20:00 siku ya Jumatano, na kufika Guangzhou saa 12:00. Ukihesabu kwa vidole kutoka 20:00 hadi 12:00 utapata muda wa saa 16. Kumbe umekaa angani saa 11 tu. Hizo tano ni tofauti ya saa za nchi mbili. Tuseme sasa unarudi. Tiketi inaonyesha unaondoka Guangzhou saa 14:00 na kufika Dar es Salaam saa 21:00, siku ileile. Ukihesabu, utapata saa saba, nawe utafurahi kwamba ndege ya kurudi ina mbio za ajabu. Kweli yake ni muda wa saa 12, kwa kuwa zile tano zilizoongezwa wakati wa kwenda sasa zimeondolewa.

Ipo njia nyepesi ya kupata ukweli hata kama hujui tofauti ya saa za nchi uendayo. Chukua hesabu ya kwenda uliyoipata kwenye tiketi, ijumlishe na ya kurudi, kisha ugawe kwa mbili. Hapa ni 16 na 7, jumla 23. Nusu yake ni muda wa saa 11 na nusu. Huo ndio wastani wa safari moja. Tofauti ya saa za nchi imejifuta yenyewe, kwa kuwa ilichoongeza upande mmoja imekipunguza upande wa pili. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukufanyia hesabu hiyo mezani kwa wakala, kabla hujatoa fedha. Njia hiyo inafaa pale safari zote mbili zinapopita njia moja.

Angalieni pia alama ndogo ya +1 ambayo mara nyingi huwekwa pembeni ya saa ya kufika. Maana yake ni kwamba utafika siku inayofuata. Ni alama ndogo, lakini ina gharama. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, kwa awamu tatu, na kila awamu huwa ya siku tano. Mashine na vifaa vya chuma huonyeshwa katika awamu ya kwanza, ambayo kwa kawaida huanza tarehe 15. Anayefuata karasha akidhani atafika tarehe 15 asubuhi, kumbe alama ile inamfikisha tarehe 16 mchana, amepoteza siku moja na nusu kati ya siku tano, pamoja na malipo ya chumba ambacho hakukilalia.

Saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Ndugu zetu, mtego wa tatu uko nyumbani kwetu wenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua. Jua likichomoza na muda wa saa moja ukapita, tunasema saa moja asubuhi. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo kila saa ya tiketi iko mbali na ya kwetu kwa hatua sita.

Mtu aliyeandikiwa 08:00 akaisoma saa nane, atafika uwanjani baada ya chakula cha mchana. Ndege yake iliondoka saa mbili asubuhi, na huenda imekwisha kwenda na kurudi. Aliyeandikiwa 02:30 akaisoma saa mbili na nusu, atakuja akiwa ameoga na kunywa chai, wakati ndege iliruka saa nane na nusu usiku.

Kanuni ni hii. Tarakimu ya saa kwenye tiketi ikizidi sita, toa sita. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Tarakimu ikiwa sita au chini yake, ongeza sita. Hivyo 13:00 ukitoa sita ni saa saba mchana. 20:00 ukitoa sita ni kumi na nne, ukitoa kumi na mbili ni saa mbili usiku. 00:30 ukiongeza sita ni saa sita na nusu usiku.

Tusimame kidogo kwenye hiyo 00:30, maana ndiyo inayowaumiza hata wasomi. Tiketi ikiandikwa tarehe 15 saa 00:30, tarehe 15 imeanza nusu saa tu iliyopita. Msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Wengi hufunga mizigo mchana wa tarehe 15, wakaagana na jamaa, wakafika uwanjani usiku, wakaambiwa ndege yao iliondoka jana. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili. Wazee husema "usiku wa kuamkia" tarehe fulani. Tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:59 iambieni familia yenu kwa maneno hayo: naondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Mkisema hivyo, hakuna atakayekosea siku ya kukusindikiza.

Safari huanzia mlangoni kwako

Hadi hapa tumezungumzia ndege. Lakini hakuna ndege inayopakia abiria hapa Kalangalala. Tuihesabu safari nzima kwa ule mfano wetu wa Jumatano, saa 20:00.

Kwa safari za nje ya nchi, kwa kawaida abiria hushauriwa kufika uwanjani muda wa saa tatu kabla. Kwa hiyo uwe tayari Julius Nyerere saa kumi na moja jioni. Ukipanda ndege ya Mwanza inayoondoka saa sita mchana, utatua Dar es Salaam kama saa saba na nusu. Umebakiwa na nafasi ya kuchukua mizigo na kuhama jengo, kwa kuwa ndege ya ndani inaweza kukushusha katika jengo moja na ya nje ikaondokea jengo jingine lililo mbali kiasi cha kuhitaji gari. Uwanja wa Mwanza ufike saa nne asubuhi. Kutoka hapa hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, kisha unavuka jiji, kwa sababu uwanja uko Ilemela, upande wa pili. Ondoka nyumbani saa moja asubuhi.

Zamani hesabu hii haikuwezekana kufanywa kwa uhakika. Pale Kigongo na Busisi tulisubiri kivuko, na kivuko hakikujua tiketi ya mtu. Tangu daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, maji yale huvukwa kwa dakika chache. Daraja limepunguza hofu. Halijaondoa pancha wala msongamano wa mjini. Akiba ya muda bado inahitajika.

Sasa jumlisheni. Umetoka mlangoni saa moja asubuhi Jumatano. Umetua Guangzhou saa sita mchana Alhamisi kwa saa ya kule, ambayo kwetu ni saa moja asubuhi. Umetumia muda wa saa 24 kamili, na bado hujapanga foleni ya uhamiaji wala kusubiri begi. Kati ya hizo 24, ulizokaa ndani ya ndege zote mbili ni 12 na nusu. Zilizobaki zimekwisha barabarani, kwenye viti vya kusubiria na kwenye foleni. Hilo ndilo jibu la kweli la swali "ni saa ngapi hadi Guangzhou" kwa mtu wa Kalangalala: ni usiku na mchana. Aliyeambiwa "saa 11 tu" ameambiwa nusu ya habari.

Tuongeze tahadhari kuhusu jina la uwanja. Mkoa wetu una uwanja wa Geita-Chato, na jina la Geita limo. Uwanja huo uko wilayani Chato, na kutoka hapa mjini ni safari ya barabara. Anayekata tiketi ya kwenda au kutoka huko aulize kwanza umbali wa kufika, siku ambazo ndege inakwenda, na kama ndege hiyo hutua mahali pengine njiani. Kwa upande wa China pia, majina ya miji hufanana masikioni: Guangzhou, Hangzhou, Zhengzhou. Angalieni alama ya herufi tatu ya uwanja. Guangzhou ni CAN, kutokana na jina lake la zamani la Canton. Dar es Salaam ni DAR na Mwanza ni MWZ.

Tiketi moja au tiketi mbili

Tumefika penye fedha zenyewe. Safari yetu ya mfano ina ndege mbili. Unaweza kuzinunua kwa njia mbili, na kwenye meza ya wakala njia hizo hufanana.

Ya kwanza ni kununua safari nzima, Mwanza hadi Guangzhou, kama mkataba mmoja wenye namba moja ya uhifadhi. Ndege ya kwanza ikichelewa na kukukosesha ya pili, waliokuuzia safari hiyo wana wajibu wa kukutafutia njia ya kufika mwisho wa safari uliyoinunua.

Ya pili ni kununua tiketi ya Mwanza hadi Dar es Salaam peke yake, na ya Dar es Salaam hadi Guangzhou peke yake. Mara nyingine huwa nafuu kwa kiasi fulani. Lakini ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika la ndege ya pili litasema, na kwa kawaida litakuwa na haki kusema, kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Tiketi ya kilomita 8,700 inapotea kwa kosa la safari ya kilomita 850. Wakati mwingine hupotea pamoja na ya kurudi, kwa kuwa mashirika mengi yana sharti la kufuta safari zilizobaki iwapo abiria hakupanda ya kwanza.

Kama huna budi kununua tiketi mbili, lala Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya safari kubwa. Gharama ya kitanda na chakula cha usiku mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na nauli ya China. Hiyo ndiyo bima rahisi kuliko zote tunazozijua.

Jihadharini vilevile na maneno "moja kwa moja". Kwa msafiri maana yake ni kutotua popote. Kwa muuzaji inaweza kuwa na maana kwamba hutabadilisha ndege, ijapokuwa ndege itatua katika mji mwingine kupakia abiria. Msiulize "ni moja kwa moja?" Ulizeni: "Ndege itatua wapi kabla ya kufika, na nitakaa hapo kwa muda gani?" Wapo wanaopitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Nairobi. Njia hizo ni nzuri pia, ila muda wa kusubiri katikati unaweza kuwa mfupi mno kiasi cha kukukimbiza, au mrefu mno kiasi cha kukulaza kwenye kiti. Kumbukeni kwamba Dubai iko mbele yetu kwa muda wa saa moja. Anayesubiri ndege pale huku simu yake ikiwa bado kwenye saa ya Geita atafika mlangoni ukiwa umefungwa.

Ndege ikichelewa

Tanzania na China zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia wajibu wa mashirika katika safari za anga za kimataifa. Kwa mkataba huo, shirika huwajibika, kwa kiwango chenye kikomo, kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizowezekana kuizuia. Hasara hiyo lazima uithibitishe. Hasira haihesabiki; risiti huhesabika.

Kwa hiyo tunzeni tiketi, pasi ya kupandia ndege, kipande cha namba ya begi, na risiti ya kila mlo na kila kitanda mlicholipia kwa sababu ya kuchelewa. Ombeni sababu ya ucheleweshaji kwa maandishi. Begi likifika limeharibika, toeni taarifa papo hapo uwanjani, na malalamiko ya maandishi yasizidi siku 7 tangu kulipokea. Begi likicheleweshwa, malalamiko yasizidi siku 21 tangu lilipokabidhiwa kwenu. Haki ya kufungua shauri hukoma baada ya miaka miwili.

Anzeni kwa kulalamika kwenye shirika lenyewe. Msiporidhika, lipelekeni suala hilo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Msinyamaze kwa kudhani kwamba ndege ni mambo ya wakubwa. Aliyelipa nauli ana mkataba, awe amekuja na gari la kifahari au na bodaboda.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tungependa mtu yeyote wa Kalangalala anayenunua tiketi ya mbali atoke hapa na maswali haya saba, na ayaulize kabla fedha haijatoka mkononi:

1. Ndege inaondoka saa ngapi kwa saa ya Kiswahili, na ni usiku wa kuamkia siku gani?
2. Saa ya kufika ni ya siku ileile au ya siku inayofuata?
3. Muda halisi wa safari nzima, pamoja na kusubiri, ni saa ngapi?
4. Ndege itatua wapi njiani, na nitabadilisha ndege au jengo?
5. Safari nzima iko kwenye namba moja ya uhifadhi, au ni tiketi mbili?
6. Begi langu litafika mwisho wa safari, au nitalichukua njiani na kulikabidhi upya?
7. Nikitaka kubadilisha tarehe au nikikosa ndege, nitalipa nini na nitarudishiwa nini?

Wakala mwema atayajibu yote bila kukunja uso. Asiyeweza kuyajibu, mshukuruni na mwende kwa mwingine. Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kutouliza kuna bei inayojulikana: ni nauli nzima.

Fedha inayopanda ndege kutoka mji huu imetoka ardhini kwa jasho, au imekusanywa senti kwa senti kwenye meza ya sokoni. Tunawaomba mwipe ulinzi wa dakika kumi za maswali. Kilomita hatuwezi kuzipunguza, na upepo hatuuamrishi. Saa tunaweza kuisoma vyema.